Lau Ufaransa ingaliondoka Aljeria mwaka 1945: je, usasabaadaye ungalikwepeka?

Mwalimu mmoja wa sekondari, anayefundisha Kiswahili na Historia kidato cha tano na cha sita, ameniandikia swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Anauliza: je, historia ingaliweza kushika njia nyingine, tukaepushwa na fikra za usasabaadaye? Ametaja mifano miwili ya kwake. Lau Vita Kuu ya Pili isingalipiganwa. Au lau wanafalsafa wa Kifaransa Jacques Derrida na Michel Foucault wasingalizaliwa. Kisha ameongeza, kwa uchungu unaoonekana wazi, kwamba amechoka na wanafunzi wanaomjibu darasani "kila mtu ana ukweli wake", na mjadala ukaishia hapo.

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe usije ukasoma huku unasubiri. Ile shaka iliyo moyoni mwa usasabaadaye isingaliepukika, ila kwa kufuta matendo mengi mno ya watu wengi mno. Lakini sura tunayoijua leo, ile ya vitabu vya Paris vya miaka ya 1960 na 1970, yenye msamiati mgumu na majina yaleyale, hiyo ilining'inia kwenye uzi mwembamba. Ingaliweza kabisa isiwepo. Wengi wakiutafuta uzi huo huenda moja kwa moja Berlin na Auschwitz. Mimi naona ulikuwa Aljeria.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini, maana neno hili limebebeshwa mizigo mingi isiyo yake. Usasabaadaye, ambao baadhi ya wahakiki wetu huuita usasaleo, ulipata maelezo yake maarufu zaidi mwaka 1979 katika kitabu kifupi cha Jean-François Lyotard, La Condition postmoderne. Alisema kwamba alama ya zama hizi ni kutoziamini tena simulizi kuu. Simulizi kuu ni zile hadithi pana zinazodai kujua historia nzima inatoka wapi na inaelekea wapi: kwamba sayansi itamkomboa binadamu, kwamba tabaka la wafanyakazi litaleta dunia isiyo na unyonyaji, kwamba taifa lililostaarabika lina wajibu wa kuwastaarabisha wengine. Hakusema hakuna ukweli. Foucault naye alitumia miaka mingi ndani ya kumbukumbu za hospitali za wagonjwa wa akili na za magereza, akionyesha jinsi taasisi zenye mamlaka zinavyoamua nani mzima na nani kichaa, nini elimu na nini upuuzi. Mtu hafanyi kazi ya namna hiyo kama haamini kwamba nyaraka zinaweza kusomwa vizuri au vibaya. Kwa hiyo mwanafunzi wako hakulipata kwao lile neno lake, na unaweza kumwambia hivyo bila kusita.

Sasa tuje kwenye "lau". Lugha yetu imeweka -ngali- kwa kazi hii hasa, na wahenga wakatutahadharisha kwamba ningalijua huja nyuma. Mwanahistoria huitumia -ngali- kupima uzito wa sababu. Ukichomoa tofali moja na ukuta ukabaki umesimama, basi tofali lile halikuwa limebeba kitu. Ukuta ukiyumba, hapo umegusa penyewe.

Tuanze kwa kumchomoa Derrida. Oktoba 1966 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore kiliandaa kongamano, kwa fedha za Ford Foundation, ili kuwajulisha wasomi wa Marekani habari za umuundo, nadharia iliyokuwa ikitamba Paris wakati ule, inayosema kwamba maana ya kitu hutokana na nafasi yake ndani ya mfumo mzima. Derrida alikuwa na miaka 36 na Marekani hakuna aliyemjua. Aliitwa mwishoni kujaza nafasi ya mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji aliyeshindwa kusafiri. Akapanda jukwaani, na badala ya kuueleza umuundo akaonyesha nyufa zake: kwamba kila muundo hudai kuwa na kitovu, na kitovu chenyewe hakina pa kujishikiza. Huko huko akafahamiana na Paul de Man, ambaye baadaye alikuwa nguzo ya udenguzi, yaani ile namna ya kusoma kwa kutafuta nyufa za aina hiyo, katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka uliofuata, 1967, Derrida alichapisha vitabu vitatu kwa mpigo.

Lau yule Mbelgiji angalisafiri? Nadhani udenguzi ungalibaki jambo la mitaa michache ya Paris kwa miaka mingine kumi, pengine daima. Huo ni uzi mwembamba kwelikweli. Ila tazama na upande wa pili. Vyuo vya Marekani wakati ule vilikuwa vimefurika vijana waliozaliwa baada ya vita, na idara za fasihi zilikuwa na njaa ya nadharia. Njaa ile ingalishibishwa na mtu mwingine. Mwanafalsafa wa Kijerumani Nietzsche alikwishafariki tangu 1900. Mihadhara ya Saussure kuhusu lugha, iliyokusanywa na wenzake baada ya kifo chake, ilikuwa kitabu tangu 1916. Wittgenstein, ambaye Lyotard aliazima kwake ile dhana ya michezo ya lugha, alichapishwa mwaka 1953, miaka miwili baada ya kuzikwa. Na 1962 Thomas Kuhn alikwishaandika kwamba sayansi haipandi ngazi moja iliyonyooka, bali hupita katika mapinduzi, na kila mapinduzi huja na macho yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemhitaji Derrida. Zana zote zilikuwa tayari karakanani, na yeyote angaliweza kuziokota.

Kwa hiyo kuwaondoa watu kunabadili msamiati tu. Ukuta bado umesimama.

Tuondoe vita, basi. Hoja hii ina nguvu zaidi, na wengi huishia hapo: Ulaya iliahidiwa kwamba elimu na viwanda vitaleta utu, ikaletewa kambi za maangamizi zilizoendeshwa kwa ratiba za treni na hesabu safi za makarani. Max Horkheimer na Theodor Adorno, Wajerumani wawili waliokimbilia California, waliandika wakati vita vikiendelea kwamba akili iliyokusudiwa kumwondolea binadamu hofu imegeuka chombo kipya cha kumtawala. Kitabu chao kilitoka Amsterdam mwaka 1947, miaka 32 kabla ya Lyotard.

Lakini kuna jambo linalonisumbua hapo, na ningependa likusumbue na wewe. Kama vita ndivyo vilivyozaa usasabaadaye, basi kitovu chake kingalikuwa Ujerumani. Kwa nini haikuwa hivyo? Mwanafalsafa mkubwa wa Ujerumani Magharibi wa kizazi kilichofuata, Jürgen Habermas, aliyezaliwa 1929 na kukulia chini ya Hitler, alikwenda njia ya kinyume kabisa. Septemba 1980 alisimama Frankfurt kupokea tuzo yenye jina la Adorno, akasema usasa ni mradi ambao bado haujakamilika, na kuutelekeza ni kosa. Huo ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Lyotard. Bara lilelile, vita vilevile, na majibu mawili yanayopishana.

Mimi naielewa tofauti hiyo hivi. Kijana wa Kijerumani wa rika la Habermas alijifunza kwamba uovu uliletwa na watu waliolidharau bunge, wakaitemea sheria inayowahusu binadamu wote na kuitukuza damu. Dawa yake ilikuwa bunge zaidi, sheria zaidi, mjadala zaidi. Kijana wa Kifaransa aliona kitu kingine. Aliona uovu ukitendwa na Jamhuri yenye bunge, yenye katiba, yenye shule nzuri, na juu ya mlango wa kila shule yameandikwa maneno uhuru, usawa, udugu. Alikuwa na sababu ya kuyatilia shaka maneno yenyewe.

Na aliyaona hayo Aljeria.

Chukua asubuhi moja tu. Oktoba 1942, siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, shule ya sekondari ya Ben Aknoun, karibu na Algiers. Mvulana wa miaka 12 kutoka El Biar anaitwa ofisini na kuambiwa arudi nyumbani, wazazi wake watapata maelezo. Kosa lake ni kuwa Myahudi. Mgawo wa watoto wa Kiyahudi shuleni umeshushwa hadi asilimia 7, na yeye hamo. Sasa angalia vizuri ni nani aliyemfukuza. Aljeria haikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Sheria ilikuwa ya Kifaransa, iliyotiwa saini na Wafaransa. Na uraia wa Wayahudi wa Aljeria, waliopewa kwa amri ya mwaka 1870, ulifutwa Oktoba 1940 kwa kalamu ya Kifaransa. Majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Aljeria Novemba 1942, wiki chache baada ya asubuhi ile. Mtu angedhani sheria ile ingalifutwa siku ya pili yake. Uraia wao ulirudishwa Oktoba 1943, karibu mwaka mzima baadaye.

Mvulana yule ndiye Derrida. Sisemi kwamba falsafa yake yote inatoka kwenye ofisi ile. Hiyo ingekuwa kumdogosha. Lakini mtoto anayelala raia na kuamka si raia, bila yeye kubadilika hata unywele, amejifunza mapema kwamba neno kama "Mfaransa" halina mizizi inayoonekana. Kitovu kinachodai kuwa imara kilihamishwa mbele ya macho yake kwa karatasi moja. Yeye mwenyewe alirudi kwenye kisa hicho mara nyingi uzeeni.

Hakuwa peke yake. Mwanafalsafa Louis Althusser alizaliwa karibu na Algiers, mwandishi Hélène Cixous alizaliwa Oran, mji mwingine wa Aljeria. Foucault alifundisha Tunis kuanzia 1966 hadi 1968, akashuhudia wanafunzi wake wakipigwa na kufungwa. Ukichora ramani ya fikra zinazoitwa za Paris, nusu ya mistari inavuka Mediterania. Nashangaa kila mara jinsi jambo hili linavyopitwa haraka katika vitabu vya kiada.

Na Lyotard? Yeye ndiye anayelifunga fundo. Alizaliwa Ufaransa, akapewa kazi ya kufundisha falsafa katika sekondari ya Constantine, mashariki mwa Aljeria, kuanzia 1950 hadi 1952. Sétif ilikuwa ndani ya mkoa huo, na damu ya Sétif haikuwa imekauka.

Nisimame hapo Sétif kidogo. Tarehe 8 Mei 1945, Jumanne, siku ya gulio, Ulaya inasherehekea kushindwa kwa Hitler. Waaljeria wamepata ruhusa ya kuandamana na kuweka shada la maua kwenye mnara wa mashujaa wa vita. Katika umati kuna vijana wa skauti. Kijana mmoja, Bouzid Saâl, amebeba bendera ya Aljeria. Polisi wanataka ishushwe, risasi inapigwa, kijana anakufa. Waaljeria wenye hasira wanawaua Wazungu takriban mia moja katika siku zinazofuata. Kisha jeshi, ndege, manowari na walowezi wenye bunduki wanajibu kwa majuma kadhaa. Serikali ya Ufaransa ilisema waliouawa ni elfu moja na ushei. Aljeria husema 45,000. Wanahistoria wengi wako mahali fulani katikati, kwenye maelfu.

Mwalimu, hapa ndipo ningempeleka yule mwanafunzi. Mwambie aseme kwamba kila mtu ana ukweli wake kuhusu idadi ya waliouawa Sétif na Guelma, mji mwingine wa mkoa ule uliokumbwa na mauaji hayo. Watu wale walikufa ama hawakufa. Idadi ipo, hata kama hatutaipata kamili, na kilichoificha ni simulizi kuu ya ustaarabu iliyohitaji waliokufa wawe wachache. Anayeitilia shaka simulizi ile anafanya hivyo kwa sababu anaujali ukweli wa maiti.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari pale Sétif, Kateb Yacine, alikamatwa siku chache baadaye akiwa na miaka 15. Mwaka 1956 alichapisha riwaya ya Kifaransa iitwayo Nedjma, ambayo haina mwanzo wala mwisho wa kawaida. Matukio yanajizungusha, wasimulizi wanapokezana, wakati umevunjika vipande vipande. Alikuwa hajahitaji nadharia ya mtu yeyote.

Lyotard aliporudi Ufaransa alijiunga mwaka 1954 na kikundi kidogo cha Wamaksi waliompinga Stalin, Socialisme ou Barbarie, na mwaka huohuo vita vya uhuru wa Aljeria vikaanza. Akawa ndiye mwandishi wa kikundi kuhusu Aljeria. Tarehe 12 Machi 1956 waziri mkuu Guy Mollet, msoshalisti, aliomba bunge limpe mamlaka maalumu ya kuendesha vita vile. Akapewa kwa kura 455 dhidi ya 76. Wabunge wa Chama cha Kikomunisti walipiga kura ya ndiyo. Chama kilichodai kuwabeba wanyonge wa dunia nzima kilinyoosha mkono pamoja na wengine, na mwaka uliofuata wanajeshi wa kawaida wa Jamhuri walikuwa wakiwatesa watu kwa umeme katika vyumba vya Algiers.

Lyotard aliwaunga mkono Waaljeria. Lakini alipokaa kuandika, simulizi aliyokuwa nayo haikumtosha. Waliokuwa wakipigana walikuwa wakulima zaidi kuliko wafanyakazi wa viwandani. Wafanyakazi wa Ufaransa hawakuinuka kuwasaidia. Na aliona mbele kwamba ushindi ungelileta madarakani tabaka jipya la maofisa na wanajeshi badala ya ujamaa. Akawa katika hali ya kusema: haki iko upande wao, na hadithi yangu haiwezi kueleza kwa nini. Alitoka kwenye siasa hizo mwaka 1966. Ukikisoma kile kitabu cha 1979 ukijua hayo, sentensi yake kuhusu kutoamini simulizi kuu inaacha kusikika kama maringo ya msomi. Ni mtu anayeripoti kilichomvunjikia mkononi.

Maasi ya Ufaransa ya Mei 1968 yaliongeza tu. Wafanyakazi wapatao milioni 10 waligoma, vyama vya wafanyakazi vikapatana na serikali kuhusu mishahara, na Juni wafuasi wa Rais de Gaulle wakashinda uchaguzi kwa wingi mkubwa. Vijana walioona mapinduzi yakipita dirishani hawakuhitaji kushawishiwa sana.

Je, hii ina maana kwamba bila Aljeria kusingalikuwa na shaka? Hapana, na kwa bahati historia imetupa mifano tunayoweza kupimia, mahali ambapo vitabu vya Paris havikufika na shaka ikaota hata hivyo.

Moscow ni mmoja. Miaka ya mwanzo ya 1970 wachoraji Vitaly Komar na Alexander Melamid walichukua kaulimbiu za Chama cha Kikomunisti, nyeupe juu ya kitambaa chekundu kama zilivyotundikwa kila barabara, wakazichora zilezile bila kubadili neno, kisha wakatia saini zao chini kama mchoraji anavyotia saini picha ya maua. Basi. Sentensi iliyodai kusemwa na historia yenyewe ikaonekana ghafla kuwa ni maneno ya watu fulani. Tarehe 15 Septemba 1974 wao na wenzao walionyesha picha zao kwenye kiwanja cha wazi pembezoni mwa jiji. Wenye mamlaka wakaleta matingatinga na magari ya maji. Picha ya Komar na Melamid, waliyojichora kwa mtindo wa Lenin na Stalin, ni miongoni mwa zilizoharibiwa. Hao hawakuutoa mtazamo wao kwenye mihadhara ya Baltimore. Waliutoa barabarani kwao.

Mfano wa pili uko kwetu, na wewe unaufundisha. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alisema watu wote vijijini wawe wamehamia vijiji vya ujamaa ifikapo mwisho wa 1976, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa nyumba zao kubomolewa. Mwaka 1979, mwaka uleule wa kitabu cha Lyotard, Euphrase Kezilahabi alitoa Gamba la Nyoka. Humo wanakijiji wanasombwa kuingizwa kwenye ujamaa, na vijana wasomi wawili wanaotumwa kuujenga wanaitwa Mambosasa na Mamboleo. Yatazame majina hayo. Usasa wenyewe umepewa miguu ukatumwa kijijini, na jina la kitabu linauliza kama nyoka aliyejivua gamba amekuwa kiumbe kingine. Kezilahabi hakuuchukia usawa. Alichokihoji ni hadithi inayojua mwisho wake kabla ya kumsikiliza mkulima. Udaktari wake wa Wisconsin, ambako alizama katika falsafa, aliupata 1985, na riwaya zake zilizovunja umbo kabisa, Nagona na Mzingile, zilitoka 1990 na 1991. Anayesema aliiga tu Wazungu aangalie kwanza mpangilio wa miaka.

Kwa hiyo shaka huota palipotolewa ahadi kubwa kwa jina la historia na ahadi ikavunjwa mbele ya waliokuwa wameiamini. Karne ya 20 ilikuwa na ahadi nyingi za namna hiyo. Ungelazimika kuzuia Sétif, na kambi za Kisovieti za Kolyma, na vifaru vya Kisovieti mjini Budapest mwaka 1956, na nyumba zilizobomolewa vijijini. Hata majengo yangekudai: kule St. Louis nchini Marekani mtaa wa Pruitt-Igoe, majengo 33 ya ghorofa 11 yaliyosanifiwa yawape maskini maisha ya kisasa, ulianza kulipuliwa kwa baruti mwaka 1972, na mhakiki Charles Jencks akatangaza kwamba siku ile ndiyo usanifu wa kisasa ulipokufa. Nadhani aliwaonea wasanifu. Ubaguzi wa rangi na ukosefu wa fedha za matengenezo vilichangia zaidi kuliko michoro. Lakini ni kupitia mabishano ya usanifu ndipo neno lenyewe lilipoenea kwa watu wasiosoma falsafa.

Kuna pia nusu ya kitabu cha Lyotard ambayo haina uhusiano na Aljeria wala Moscow. Watu husahau kwamba kitabu kile kilikuwa ripoti, iliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, kuhusu hali ya elimu katika jamii zenye kompyuta. Aliandika kwamba elimu itazalishwa ili iuzwe, kwamba kisichoweza kuwekwa katika lugha ya mashine kitaachwa, na mwishoni akataka umma ufunguliwe hifadhi zote za data bila kizuizi. Hayo yaliandikwa 1979. Sehemu hiyo ingaliandikwa tu na mtu fulani, kwa jina lolote, kwa sababu mashine zilikuwa zinakuja.

Mwalimu, swali lako linadhani kwamba usasabaadaye ukiondolewa, mahali pake pangebaki pamejaa akili tulivu na ukweli uliokubalika na wote. Mimi sioni hivyo. Julai 1942 mjini Tokyo jarida moja la fasihi liliwakusanya wanafalsafa, waandishi na wanasayansi wajadili namna ya kuushinda usasa. Walisema mengi ambayo ungedhani ni ya Paris: kwamba Magharibi imegawanya elimu vipande vipande, kwamba maendeleo yake si maendeleo ya binadamu wote. Baadhi yao walikuwa makini na wasomi wa kweli. Ila shaka yao ilikaa ndani ya himaya iliyokuwa vitani, na ikatumika kuipamba himaya hiyo. Shaka ile ya Paris, pamoja na makosa yake yote, ilimwelekea mwenye nguvu wa nyumbani kwake. Hilo halikuwa la lazima. Lingaliweza kabisa kwenda kule kwingine.

Umeniuliza, kwa namna fulani, ningechagua siku gani. Ningechagua 8 Mei 1945. Tuseme bendera inapita, shada linawekwa, watu wanarudi sokoni. Ferhat Abbas, mfamasia wa Sétif aliyeandika ilani ya mwaka 1943 kuomba usawa na katiba, na ambaye kufikia masika ya 1945 alikuwa na umati mkubwa nyuma yake, anaitwa mezani. Aljeria inapata katiba yake, baadaye uhuru wake, bila vita vya miaka saba na zaidi. Hakuna kura ya Machi 1956. Lyotard anafundisha Constantine miaka miwili, anarudi Ufaransa akiwa Mmaksi mwenye manung'uniko ya kawaida. Simulizi ya wafanyakazi inaendelea kuaminika Paris mpaka mwishoni mwa 1973, pale kitabu cha mwandishi wa Kirusi Solzhenitsyn kuhusu kambi za Kisovieti kinapochapishwa mjini humo.

Shaka inakuja hata hivyo, miaka kumi au ishirini baadaye. Ila inakuja ikitazama Siberia peke yake. Inajua kuzungumza kuhusu chama na dola, haijui kuzungumza kuhusu koloni. Haimuulizi Mzungu alijuaje kwamba yeye ndiye kipimo. Mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi nchini Kongo aliyefundisha Lubumbashi, ambaye mwaka 1988 alitumia zana za Foucault kuuliza ni nani aliyeitunga hiyo "Afrika" iliyomo vitabuni, angalilazimika kuzifua zana hizo mwenyewe kuanzia mwanzo. Pengine angaliweza. Ingalimchukua muda mrefu zaidi.

Ndivyo ninavyoisoma siku ile. Abbas hakuwepo hata Sétif. Alikuwa Algiers, kwenye chumba cha kusubiria cha Gavana Mkuu, amekwenda kumpongeza kwa ushindi dhidi ya Hitler. Walimkamata akiwa bado anasubiri kuitwa ndani.